Mtoto wa Fundi Miwani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilipitia karakana ya baba kumwamkia. Baba alikuwa fundi miwani, naye hakukosa kujigamba mbele ya wateja: "Katika ukoo wetu macho makali hurithiwa kama shamba. Mtazameni mwanangu!" Nami nilitabasamu, ilhali kibao cha duka la ng'ambo ya barabara sikuweza kukisoma hata herufi moja.

Enzi zetu, wajukuu zangu, Kifaransa kilifundishwa kwa ubao na fimbo ndefu. Mwalimu aliandika majina kumi ya vitu vya kila siku, nasi tukayaimba juma zima. Ambaye angeshindwa kuyasoma Ijumaa angerudishwa darasa la chini. Kutoka dawati la nyuma niliona ukungu mweupe tu, basi nikayakariri kwa sikio, kwa mpangilio uleule: *lunettes*, miwani, *étui*, kifuko chake, *clé*, ufunguo, hadi *parapluie*, mwavuli.

Ijumaa, zamu yangu ilipofika, Mwalimu akaanzia neno la chini kabisa.

"Soma hili."

"*Lunettes!*" nilijibu kwa fahari.

"Jamani, mwenzetu hujikinga mvua kwa miwani!" akadakia jirani yangu. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Njoo mbele. Simama utakapoyaona maandishi."

Nilisimama pua ikikaribia kugusa ubao.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Mwalimu."

"Na baba yako ni fundi miwani!"

"Sikutaka kumwaibisha."

Jioni hiyo alinipeleka karakanani mwenyewe. Baba alisikiliza, kisha akavua miwani yake ya kazi taratibu.

"Mganga hajigangi," alisema. "Nimepima macho ya mji mzima, ya mwanangu nikayasifu bila kuyapima. Kosa hilo ni langu. Lako ni kunificha."

Akaniketisha kwenye kiti cha wateja, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine. Hadi leo naukumbuka ubaridi wa vidole vyake nyuma ya masikio yangu.

Jumatatu, miwani mpya puani, niliruhusiwa kusoma upya. Kumbe juu ya *clé* palikuwa na kijistari chembamba kama unyoya! Juma zima nimeliimba neno lile, sijawahi kuliona. Nikasoma yote kumi, kutoka chini hadi juu.

"Utabaki darasa hili," alisema Mwalimu. "Lakini shika neno langu: mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe umeumbuliwa na mwavuli tu. Shukuru, ukae."