Vitambaa vya Zambarau Kwenye Kamba za Mwani

Fundi cherehani alikuwa mwanamke msafi, hilo hata majirani zake walilikubali. Kila jioni alifagia chini ya meza yake ya kushonea. Nyuzi na vipande vya kitambaa vyote aliviingiza kwenye mfuko wa plastiki. Aliufunga mfuko kwa ukanda wa kitambaa, fundo la kuzungusha mara tatu. Kisha akauweka mlangoni kusubiri maji.

Ndiyo, kusubiri maji. Mtaa mzima ulikuwa na utaratibu huo. Maji ya bahari yakijaa, hakuna aliyetupa taka, maana zingerudi milangoni. Maji yakianza kutoka, watu walishuka na mifuko yao, bahari ikabeba.

"Mimi si mchafu," Fundi alipenda kusema. "Mimi natupa kwa wakati."

Kwa wakati, jamani!

Siku moja mdogo wake alimpigia simu huku akilia. Mdogo wake alilima mwani upande wa pili wa kisiwa. Aliufunga kwenye kamba ndani ya maji mafupi, na kwa kazi hiyo alilisha watoto wake.

"Dada, nimechoka. Taka zinasonga kamba zangu. Mwani unakosa mwanga, unakatika. Nikikosa mavuno tena, naacha. Na nikiacha, wanangu watakula nini?"

"Hizo ni taka za meli!" Fundi alifoka. "Watu wa meli hawana haya!"

"Kesho anakuja mtafiti. Anataka sisi wenyewe tuokote taka na kuzichunguza. Njoo unisaidie."

"Nakuja. Hao wa meli nitawaumbua."

Alipofika alishika kichwa kwa mikono miwili. Loo! Mchanga haukuonekana. Ni chupa, ndala, mifuko na nyavu, mpaka kwenye mizizi ya miti.

Mtafiti alikuwa msichana mwenye kofia pana. Alitandaza turubai.

"Mama zangu, leo hatusafishi tu. Tumepima kipande hiki cha ufuo. Kila taka iliyomo tunaiokota, hata iwe ndogo kama ukucha. Tutazitenga kwa aina, tuzihesabu, tutazame zimetoka wapi. Tusipojua zinakotoka, tutaokota mpaka tuzeeke."

"Mbona inajulikana?" Fundi alisema. "Andika meli, twende zetu."

Watu wakacheka. Mtafiti naye akacheka. "Tuokote kwanza, mama."

Wakaokota. Fundi akapata wavu mnene wa meli, akauinua juu kwa furaha. "Si niliwaambia?"

"Kweli, huo umetoka mbali," mtafiti alikubali. "Uweke hapo."

Mdogo wake akaburuta kamba yake moja hadi ufuoni. Ilikuwa imesongwa na matambara. "Huyu wa vitambaa nikimjua," alisema, "nitamfuata mpaka kwake. Mimi na yeye tutajuana."

Fundi akainama kuifungua. Akavuta kipande kimoja. Zambarau, chenye mstari mweupe. Akavuta kingine. Zambarau. Ilikuwa sare ya shule mpya ya mtaani kwake, na aliyeishona alikuwa yeye peke yake. Kisha akaona mdomo wa mfuko, na fundo la kuzungusha mara tatu.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyeona. Akafumba kiganja.

"Umeshika nini, dada?"

Fundi akafumbua kiganja. "Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Kitambaa ni changu. Fundo ni langu. Anayesonga kamba zako ni mimi, mdogo wangu."

Mdogo wake akakaa chini mchangani, mdomo wazi. "Wewe? Nimekulilia kwenye simu, dada! Wewe!"

"Lakini mimi natupa maji yakitoka!" Fundi alilia. "Yanakwenda nazo!"

"Yanakwenda wapi, mama?" mtafiti aliuliza taratibu. "Maji yakitoka kwenu, mkondo unazunguka rasi na kuja huku. Na kitambaa hiki si pamba, kimefumwa kwa nyuzi za plastiki. Hakiozi. Kinachanika vipande vidogo, na samaki wanavimeza."

Jioni ile Fundi alirudi nyumbani. Maji yalikuwa yanaanza kutoka, na majirani wanashuka na mifuko. Akasimama katikati ya njia na kitambaa mkononi.

"Hiki nimekitoa kwenye kamba za mdogo wangu! Taka zetu haziendi popote, jamani. Tunawatupia ndugu zetu!"

"Mama yangu mzazi anaishi upande ule," jirani mmoja alisema, akageuka na mfuko wake.

Wakajenga kizimba cha taka mbali na maji. Wakadai gari la taka lifike mtaani, na baada ya kusumbuana sana likaanza kuja. Fundi akaacha kutupa vipande. Akavishindilia ndani ya mito ya kukalia, akaiuza.

Mtafiti aliporudi, walipima kipande kilekile cha ufuo. Nyavu za meli zilikuwepo bado. Lakini fungu la vitambaa lilikuwa dogo, la kubebwa kwa mkono mmoja.

Fundi akaokota kipande cha zambarau kilichopauka. Safari hii hakufumba kiganja.

"Hiki nacho changu," alisema kwa sauti.

"Cha zamani hicho," mdogo wake akajibu kutoka majini. "Kiweke kihesabiwe. Halafu njoo unishikie kamba, dada. Mwani umekuwa mzito, siwezi peke yangu."