Karatasi za Talaka kwa Afande Gerrit

— Afande, naomba nimkumbatie mbwa wako kidogo tu. Kesho nina mtihani wa kemia, sijala tangu jana.

— Kaa hapa chini, mwanangu. Anaitwa Clover. Sema chochote, nakusikiliza.

Binti yule akazika uso kwenye manyoya ya mbwa, akalia. Afande Gerrit, polisi wa chuo, akachuchumaa pembeni, akasubiri. Ndiyo kazi yake na Clover: kuzunguka maktaba na mabweni, kuwaliwaza wanafunzi waliolemewa.

Alipoinua macho, alimwona mkewe, Noreen, mlangoni mwa maktaba, theluji mabegani, bahasha mkononi. Miezi saba wametengana, wanaongea kwa meseji kavu kavu. Ya asubuhi ilisema: "Nakuletea karatasi za talaka kazini. Saini tu, tuachane kwa amani."

Naye alijibu: "Sawa."

Binti alipoondoka, Noreen akasogea.

— Kumbe unajua kusikiliza?

— Noreen, niko kazini…

— Binti wa watu, hata jina hulijui, unambembeleza! Mimi mwanangu kafia mikononi mwangu, Gerrit. Nikilia, wewe unatoka na mbwa. Unajua kulia chumbani peke yako huku mumeo yuko sebuleni?

Gerrit aliujua upweke. Siku hizi alikula supu ya kopo amesimama jikoni, televisheni ikiwaka ili tu isikike sauti ya mtu.

— Niliogopa, alisema mwishowe.

— Nini?

— Na mimi kuvunjika. Nikaona bora mmoja wetu abaki mzima.

— Nani alikwambia nataka mtu mzima asiyevunjika? Nilitaka mwenzangu!

Wanafunzi wawili waligeuka kutazama. Clover akajilaza juu ya viatu vya Noreen, hata Noreen asiweze kuondoka.

— Elowen alikuwa na vidole vyako, Gerrit alisema. — Kila siku naviona akilini.

Tangu mazishi, Noreen hakuwahi kulisikia jina hilo la mtoto wao kinywani mwa mumewe. Akaketi sakafuni, bahasha akaikalia bila kujua.

— Vya mikono au vya miguu?

— Vya miguu. Kile kidogo, kilichopinda.

Noreen akacheka, machozi yakimtiririka. Gerrit akaketi karibu yake, naye, kwa mara ya kwanza, akalia mbele ya mkewe.

Karatasi zile hazikusainiwa siku hiyo, wala baadaye.