Ngazi ya Dungu la Eufrasia

— Usiiguse hiyo ngazi, Gaudensi!

Eufrasia aliivuta ngazi kwa mikono miwili, akailaza juu sakafuni mwa dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kuamia ndege. Chini, katikati ya mpunga, mumewe alisimama na kikapu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini.

— Mke wangu, natoka Kibiti kwa miguu.

— Si ungebaki na mikanda yako? Si ndiyo uliyoioa?

— Video nimemrudishia mwenyewe, yule Zaidi wa Kibiti. Banda nimefunga.

— Mwaka jana uliapa mbele ya altare kwamba umeiacha, kanisa zima likakupigia makofi. Wiki haijaisha, nikakukuta tena. Yale makofi yalikusaidia nini?

Gaudensi akainamisha kichwa.

Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali imelegeza biashara, na kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio za kaseti, video. Watu walijazana bandani kwa Gaudensi kutazama karate na picha za Kihindi. Wakishaondoka, yeye anajifungia na mikanda mingine, ile ya watu walio uchi. Alianza kwa kuonja tu. Ikafika siku hawezi kupitisha mchana bila kuitazama, na mke ndani ya nyumba akawa kama benchi la bandani. Eufrasia alisema, akalia, akanuna. Mwishowe alibeba sufuria zake akaja bonde la Mahege kuamia ndege kwenye mpunga wao. Kaka yake, Severini, alishamwahidi: mavuno yakiisha, atakuja kumchukua, arudi kwao Ifakara moja kwa moja.

— Basi niruhusu niamie upande wa mtoni, Gaudensi akasema. Kule ndege wanajilia tu.

Eufrasia hajafungua mdomo, Bi Mashavu akadakia kutoka dungu la jirani:

— Mwache akae kwenye dungu la marehemu mume wangu! Ndege wa upande ule wananimaliza hata mimi!

Ndiyo bonde lilivyo, ndugu yangu. Watu wanaishi juu ya madungu, wanaongea kwa kupaza sauti toka shamba hadi shamba, na siri haina pa kujificha.

Kuanzia hapo, kila kulipopambazuka, sauti ya Gaudensi ikawa inavuka mpunga:

— Haaaya! Ndege hooo! Hooo!

Eufrasia aliichukia sauti ile, na alikuwa anaamka mapema ili asiikose. Moyo hauna adabu kabisa! Alishika rozari, akanong'ona: "Ee Mungu, sikuombi unirudishie mume. Nakuomba uniondolee hamu ya kumtaka." Hamu haikuondoka. Alimkumbuka anavyocheka, anavyonukia sabuni jioni, anavyomwita Frasia. Mkono ukawa unapika ugali wa watu wawili bila kuulizwa.

— Bi Mashavu, mpelekee yule mtu. Mwambie ni makombo.

Bi Mashavu akafunua bakuli, akaguna.

— Makombo ya kambale mzima, na kichwa chake? Haya, mwanangu. Nitamwambia ni makombo.

Jumamosi moja Gaudensi akaazima baiskeli, akaenda Kibiti kununua chumvi na mafuta ya taa. Alirudi jua linazama, akapita kimya.

Asubuhi yake, ndege walishuka upande wa mtoni, hakuna wa kuwafukuza.

— Gaudensi! Ndege! Eufrasia akaita.

Ndege wakaendelea kula.

— Gaudensi, unaumwa?

Alishateremsha ngazi, tayari kukimbia, ndipo sauti ikaja, nzito, imekwaruza:

— Frasia! Jana nimeanguka!

— Umeanguka wapi? Na baiskeli?

— Siyo baiskeli! Nilipita kwa Zaidi. Nikaingia. Nikatazama!

Watu waliokuwa wanarusha makombeo wakashusha mikono.

— Astaghafirullah, akasema Bi Mashavu, kisha akajiziba mdomo na khanga.

Eufrasia alishika nguzo ya dungu.

— Nani kakuona?

— Hakuna!

— Nani kakutuma useme?

— Hakuna aliyeniona, Frasia! Siku zote unanikuta wewe. Leo nimesema mimi! Nilipitia kwa katekista Damasi, nikamwambia yote, nikamwambia basi, mimi siyo Mkristo tena. Akaniuliza, "Mlinzi akisinzia, shamba linakuwa la ndege?" Akasema Mungu hajanifukuza zamu. Nikitubu niamke, nishike tena palepale.

— Na mimi je? Eufrasia alilipuka, machozi yanamtoka. Mimi Damasi kaniambia nini? Unajua nilivyokuwa najitazama kwenye kioo? Nilijiona sina mwili, Gaudensi! Mke mzima, unaona bora picha kuliko mimi!

— Najua.

— Hujui!

— Sijui, mke wangu. Niambie nijue.

Kutoka mbali, kijana wa watu, Ukasha, akapiga ukelele:

— Jamani, mtaambiana baadaye! Ndege wanamaliza mpunga!

Watu wakacheka, na Eufrasia, bila kupenda, akacheka katikati ya kilio.

— Umesikia? Fukuza ndege wewe!

— Haaaya! Hooo!

Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayelia. Ngazi Eufrasia akaipandisha tena.

Lakini jioni ile Gaudensi alikuja chini ya dungu, akasimama mbali kidogo.

— Sikuja kupanda. Nimekuja kusema tu. Leo nimetamani sana. Sikwenda.

— Nimesikia.

Kesho yake akaja tena. — Leo afadhali.

Keshokutwa: — Leo vibaya. Nilifika mpaka barabarani. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikageuka.

Ikawa desturi. Akishasema, wanasali Baba Yetu, yeye chini, mkewe juu. Siku moja walipofika pale pa "usitutie katika kishawishi", sauti ya Gaudensi ikakatika. Eufrasia akayasema yale maneno kwa niaba yake, polepole, mpaka Amina. Usiku hakupata usingizi kwa kumtamani mume aliye bonde moja naye.

Mpunga ukavunwa. Severini akashuka basi Kibiti, akafika na baiskeli mbili za kukodi.

— Dada, mizigo iko wapi?

— Kaa kwanza, kaka.

— Usinikalishe. Amepona huyu?

— Hajapona.

— Sasa unangoja nini?

Eufrasia aliwatazama ndege wakiokota punje chache zilizobaki.

— Zamani alikuwa anasema amepona, nami nalala na mwongo. Sasa ananiambia bado anaumwa, na kila jioni namwamini. Kaka, nampenda. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa.

Severini akamtazama dada yake, akasonya, halafu akaitupa kando kamba aliyokuja nayo ya kufungia mizigo.

— Na akikuumiza tena?

— Nitakuita. Na yeye anajua nitakuita.

Jioni Gaudensi akaja. Alimwona shemeji yake, akaziona baiskeli mbili. Hata hivyo akasimama mahali pake palepale.

— Shikamoo, shemeji. Frasia, hata kama unaondoka, nimekuja kusema. Leo...

— Ngoja kwanza.

Ngazi ikateremka, ikatua kwenye tope mbele ya miguu yake.

— Leo njoo useme huku juu, mume wangu.