Kwa Ottilia

Mshono wa kwanza ulipofumuka, Verla Hofer alidhani ni uzi mbovu.

Wanawake wa mji wao mdogo huko Dakota Kusini hukutana katika chumba cha chini ya kanisa kushona mifarishi ya viraka, na kila mmoja ana jina la chumba chake cha kushonea nyumbani. Mmoja wao, Bernadine, hukiita chake Pangoni, maana mumewe hathubutu kuingia.

"Changu mimi," Verla alisema siku moja, "ni Kwa Ottilia."

Wakacheka mpaka machozi. Ottilia alikuwa mama mkwe wake. Chumba kilikuwa chake, chenye madirisha mawili ya jua, mpaka Verla alipokitamani akampeleka bibi wa watu nyumba ya wazee. Siku ya kuondoka Ottilia aling'ang'ania mlango. "Niacheni nifie kitandani kwangu!" Milo, mwanawe wa pekee, akambandua vidole kimoja kimoja. Hawakwenda kumtazama hata mara moja. Alikufa kabla theluji haijayeyuka.

Verla akaandika lile jina kwenye kibao, akakitundika mlangoni.

Tangu hapo, alichoshona leo alikikuta kesho kimefumuliwa, uzi umezungushwa vizuri kwenye kijiti. Vitambaa vikaanza kunuka kafuri, ile dawa ambayo mkongwe yule alijipaka magotini.

Mchana mmoja alikuwa jikoni na Bernadine, wanamenya viazi, cherehani ikaanza kulia juu.

"Milo karudi?" Bernadine akanong'ona.

"Yuko shambani."

Wakapanda ngazi wameshikana mikono. Chumbani hapakuwa na mtu, lakini gurudumu lilizunguka, sindano isiyokuwa na uzi ikadunga kitambaa, na kwenye kiti kitupu ikatoka sauti kavu: "Nasikia baridi."

"Umemwita mwenyewe, shoga," Bernadine alisema wakiwa uani. "Kutwa 'naenda Kwa Ottilia, natoka Kwa Ottilia.' Haya, mwenye kwake karudi."

Mchungaji alikuja, akaomba, akakichoma kile kibao jikoni. Kisha akamwambia Verla apige magoti aombe radhi.

"Radhi ya nini? Alikuwa mzee, Mchungaji! Wazee wote wanapelekwa!"

Juu mlango ukajibamiza. Mchungaji akaisahau kofia yake mezani.

Jioni Milo aliposikia habari hizo hakuogopa. Alipanda peke yake, akakaa kwenye kile kiti, na Verla akiwa ngazini akamsikia mumewe, mwanamume asiyelia hata mazikoni, analia kama mtoto anayebembelezwa, na ile sauti kavu ikimnyamazisha taratibu, ikimwambia kwamba yeye hana kosa, kwamba mikono yake ilimbandua mamaye kwa sababu iliamriwa, kwamba mwenye kosa anajulikana na bado yuko ndani ya nyumba hii hii anakula mkate wake.

Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia.

"Mama anataka mfarishi," alisema. "Ushone wewe, kwa mkono."

Verla akashona mle chumbani, kwa kuwa alitaka yaishe. Kila alipofika ukingoni, mishono ilifumuka mbele ya macho yake, kiraka kwa kiraka, naye akaanza upya, vidole vimechanika, damu ikiingia kwenye kitambaa cheupe, harufu ya kafuri ikimkaba koo, na nyuma ya shingo yake pumzi ya baridi ya mtu anayeinama kukagua kazi.

"Milo, nihurumie," akasema hatimaye. "Nimekosa. Mama, nimekosa! Nisameheni."

Milo alisimama mlangoni, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza. Kisha akamtazama mkewe kwa upole.

"Anasema amekusikia," akajibu. "Lakini bado ana baridi."

Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Verla aliposikia hatua zake zikishuka, vidole vikavu vikamshika mkono, vikamwekea sindano kiganjani.