Neno Aliloambiwa Mgeni

Mara moja kwa wiki, baada ya kengele ya mapumziko, darasa la sita lilikuwa na kipindi cha ufahamu wa Kiingereza. Mwalimu aligawa vitabu, kimoja kwa watu wawili kwa kuwa havikutosha, na wanafunzi wakasogeleana mpaka mabega yakagusana. Habari zenyewe zilikuwa fupi: wiki hii safari, wiki ijayo afya, nyingine jinsi watu wa nchi nyingine wanavyosalimiana na kukaribishana. Mmoja alisoma kwa sauti, kisha yakaja maswali, na hapo ndipo wengi walipoanza kutazama dari.

Kamusi hakutazama dari. Jina hilo alipewa na wenzake, maana hakukuwa na neno lililompita. Mama yake alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na alimfundisha Kiingereza tangu hajang'oa meno ya utoto. Alikuwa na akili, hilo halikuwa na ubishi. Alikuwa pia na ulimi mkali, na alipenda sana kuwasikia watu wakicheka kwa sababu yake.

Muhula ule alikuja msichana mpya. Alitoka shule ambayo mwalimu wa Kiingereza alionekana kama mvua ya kiangazi. Hesabu alizimudu, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Wakamwita Mgeni, jina likaganda. Mwalimu akamketisha dawati moja na Kamusi.

"Msaidie mwenzako," alisema. "Neno lisilomwelea, mweleze."

"Nitamsaidia, Mwalimu," Kamusi akajibu. Nyuma yake rafiki zake wawili walibana vicheko.

Habari ya kwanza ilikuwa ya safari. Msafiri alifika stendi na mizigo yake, na dereva akaifunga juu ya basi. Mgeni aliweka kidole chini ya neno la mizigo, akanong'ona, "Hili ni nini?"

"Mama mkwe," Kamusi akanong'ona.

Mwalimu aliuliza dereva alifanya nini. Mgeni, aliyetaka sana siku hiyo aonekane naye yumo, akasimama na kueleza kwa Kiswahili kwamba dereva alimchukua mama mkwe wa msafiri, akamfunga kwa kamba juu ya basi.

Darasa lilipasuka. Wengine walilala juu ya madawati. Mwalimu mwenyewe alijificha uso kwa kitabu, mabega yakimtetemeka. Mgeni alibaki amesimama, akitabasamu kidogo, kwa sababu hakujua walichokuwa wakicheka.

Alipokuja kujua, alimfuata Kamusi uwanjani. Hakuwa na hasira. "Mbona uliniambia mama mkwe?"

"Maneno yana maana nyingi," Kamusi alisema bila kupepesa macho. "Si hata letu la paa liko hivyo? Paa la nyumba na paa wa porini. Sasa mimi ningejuaje unataka maana ipi?"

Mgeni alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kweli. Basi nitakuwa nakuuliza vizuri."

Wiki iliyofuata wakasoma habari ya afya. Ilieleza dawa za kumeza na dawa za kupaka, na Mgeni akakwama kwenye maneno mawili, "internal" na "external". Kamusi hakufikiri hata mara moja. Alimgeuzia tu. "External ni ya ndani," alisema. "Internal ni ya nje. Usichanganye."

Kengele ikalia kabla ya maswali, na Mwalimu akasema wataendelea kipindi kingine. Kamusi hakujali. Kicheko kilikuwa kimewekwa akiba. Wakati wa kutoka alimwona Mgeni akienda peke yake kando ya barabara, midomo ikicheza, akikariri: external ya ndani, internal ya nje. Kamusi akawaita rafiki zake waje watazame.

Siku chache baadaye mama yake Kamusi alichelewa kutoka kazini. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akaketi mezani bila kuvua viatu.

"Darasani kwenu kuna msichana mpya, baba yake fundi seremala?"

"Yupo. Nakaa naye dawati moja. Kwani kuna nini?"

"Bibi yake ameletwa leo amebebwa. Amekunywa dawa ya kuchua."

Kamusi aliacha kutafuna.

"Magoti yanamsumbua," mama aliendelea. "Jirani akampa chupa iliyobaki kwake, maandishi yote Kiingereza. Bibi akamwita mjukuu: nisomee, hii ni ya kunywa au ya kupaka? Mtoto akasoma neno kwa neno, akasema ni ya ndani tu. Bibi akasema, ndiyo maana, ugonjwa wenyewe uko ndani ya mfupa. Akanywa."

"Atakufa?"

"Sijui. Koo limeungua, hakuna kinachokaa tumboni, na alirushwarushwa na degedege mpaka tukamshika. Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Kamusi alikula. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kila alipolikumbuka, kwamba alikula mpaka akamaliza.

Asubuhi Mgeni alikuja shuleni na shavu limevimba. Baba yake alimpiga kofi uani, majirani wakitazama. Habari ilikuwa imeshafika darasani kabla yake, na watoto wakipata jambo la kumchoma mtu huwa hawana huruma.

"Daktari amefika," mmoja alisema.

"Daktari, kichwa kinaniuma. Ninywe mafuta ya taa?"

"Mtajie kwanza una bibi wangapi."

Mgeni alipita katikati yao, akaketi. Baada ya muda alimgeukia Kamusi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nataka kukuuliza. Siku ile ulisema external ni ya ndani, au mimi nilisikia vibaya?"

Hapo Kamusi alikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha.

"Ulisikia vibaya," alisema.

Mgeni aliinamisha kichwa. "Nilidhani hivyo. Nimelala nikijiuliza. Kumbe ni mimi."

Kesho yake nafasi ya Mgeni ilikuwa wazi, na siku iliyofuata pia. Mwalimu alieleza kwamba fundi amemtoa binti yake shule. Amesema kama kusoma kwenyewe ndiko huku kwa kuua watu, basi akae nyumbani amuuguze bibi yake.

Hakuna aliyecheka. Wakati wa mapumziko Kamusi aliwafuata rafiki zake wawili, wakanyamaza alipofika.

"Si wewe uliyemwambia?" mmoja akauliza.

"Hata nyinyi mlicheka."

"Sisi tulicheka. Maneno ulisema wewe." Wakainuka, wakahamia upande wa pili wa uwanja.

Baada ya masomo Kamusi hakwenda nyumbani. Alikwenda kituo cha afya, akamkuta mama yake kwenye korido amebeba sinia la sindano.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia."

"Uliyemwambia nani?"

"Mgeni. Nilimgeuzia maneno kwa makusudi. Halafu aliponiuliza, nikamwambia alisikia vibaya."

Mama aliweka sinia juu ya kiti. Hakumpiga. Alimshika kifundo cha mkono, akampeleka mpaka wodini, kwenye kitanda cha mwisho. Bibi alikuwa ameegemezwa mto, midomo imebabuka, dripu mkononi. Kando yake alikaa fundi seremala, vumbi la mbao bado liko kwenye shati.

"Shikamoo, Bibi," Kamusi alisema.

Bibi hakuitikia. "Una nini?" Sauti ilitoka kama mbao inayopigwa msasa.

Kamusi alisema yote, akitazama sakafu. Alipomaliza, bibi alivuta pumzi kwa shida.

"Ulimdanganya ili upate nini?"

"Ili tumcheke."

"Mkacheka?"

"Darasani hatukuwahi."

"Basi cheka sasa," bibi alisema. "Mimi huyu hapa."

Kamusi alianza kulia. Bibi aligeuza uso ukutani. "Machozi sikukuomba," alisema.

Fundi alikuwa akitazama kiganja chake cha kulia, akikifunga na kukifungua. "Mwanangu nilimpiga mbele za watu," alisema hatimaye. "Utakuja uwaambie watu wale wale. Nyumba kwa nyumba. Nami nitakuwa nyuma yako, kwa sababu nina la kwangu la kumwambia mtoto wangu."

Ikawa hivyo. Kamusi alibisha hodi kila nyumba ya ua ule, mama yake upande mmoja, fundi upande wa pili. Baadhi ya majirani walimsikiliza. Mmoja alimfungia mlango usoni kabla hajamaliza. Siku ya pili alisimama mbele ya darasa, akarudia tena. Mwalimu alisimama karibu naye. "Nami siku ile ya basi nilicheka," Mwalimu aliwaambia. "Nilipaswa kuuliza nani amempa maana ile. Sikuuliza."

Bibi alipona, akarudi nyumbani kwa miguu yake, ingawa sauti haikurudi kama zamani na chai ya moto hawezi tena. Fundi alimrudisha binti yake shule, akamleta yeye mwenyewe mpaka mlangoni. Mgeni alikwenda dawati lile lile, maana nafasi nyingine haikuwapo.

Siku hiyo habari ilihusu desturi za kupokea wageni. Mgeni alikwama kwenye neno "host". Kamusi alisubiri kidogo, kisha akamwambia kwa upole, "Ni mwenyeji."

Mgeni akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu anasema host ni mwenyeji. Ni kweli?"

"Ni kweli," Mwalimu alijibu.

Mistari miwili mbele Mgeni alikwama tena, Kamusi akamweleza tena, na mkono ukapanda tena. "Mwalimu, ni kweli?" Darasa zima lilisikia. Ikawa hivyo mpaka kengele ilipolia.

Wengine walipotoka, Kamusi alibaki amekaa. "Mwalimu, namwambia ukweli mtupu. Atakuuliza hivyo mpaka lini?"

Mwalimu alikusanya vitabu, akavipanga juu ya meza, kisha akaketi mbele yake.

"Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha," alisema. "Asiyejua akimuuliza anayejua, ni sawa na kipofu aliyekupa mkono umvushe barabara. Wewe ulimwachia katikati ili uone atafanyaje. Sasa mkono wake ameuchukua, na ana haki. Mpaka lini, hilo halimo katika uwezo wako. Lililomo katika uwezo wako ni moja tu: kila akikuuliza, mwambie kweli, hata kama hatakuamini."