Ukungu wa Tabaka la Chini

Saa 2:10 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la wino, mji wa Shexian.

Bosi Geng alieleza mpango mara moja. Siku ya sita ya mwezi wa sita, yaani leo, ukoo wa Bao huanika michoro yao uani ipate hewa. Wanru, fundi wao wa kubandika michoro kwa miaka tisa, angeingia na nakala kwenye begi la brashi, atoke na mchoro halisi wa mlima. Pang angeendesha. Geng angebaki garini, maana kina Bao walimjua tangu alipowaibia vyungu.

"Karatasi ya zamani ina matabaka mawili, na wino hupenya yote," alimwambia Wanru. "Nasikia mafundi mnaichambua. Moja mnauza, moja mnaficha."

"Sina mpango huo, bosi."

"Ukinichezea, mkono wako wa kulia ni wangu."

Pang alicheka peke yake.

Saa 4:35. Uani kwa kina Bao.

Mlima ulining'inia kwenye mwanzi. Mawe machache ya wino, kibanda kimoja, kisha ukungu, nusu ya karatasi. Miaka tisa ukungu ule ulimtuliza Wanru kuliko usingizi. Mama mwenye nyumba alipoenda kufuata chai, Wanru akabadilisha michoro. Aliona aibu.

Saa 4:52. Garini.

Geng alilowesha pembe ya mchoro kwa mate, akakwangua kwa ukucha. Tabaka moja tu.

"La juu liko wapi?"

"Lilichambuliwa kabla sijazaliwa. Tazama wino ulivyofifia. Huo ukungu wote..."

Ndipo alipoelewa. Ukungu alioupenda ulikuwa mahali ambapo wino haukufika tabaka la chini. Ilimuuma.

"Liko wapi?"

"Sijui, bosi. Naapa sijui" ndiyo maneno aliyotaka kusema, lakini Pang alikuwa ameshambana kiganja kwenye kiti na Geng ameshika kisu.

"Chini ya meza ya gundi," akadanganya. "Uani kwao."

Hilo Geng aliliamini papo hapo. Akimtuma Wanru, atatoroka. Akimtuma Pang, atalificha. Akavuta kofia, akaenda mwenyewe.

Saa 5:01.

Kelele zilipasuka uani. Mtu alilitaja jina la Geng. Lango likafungwa kwa komeo.

"Twende, kaka," Wanru alisema.

Pang aliondoa gari taratibu, akavuka daraja, akaingia kwenye mashamba ya chai. Wanru akaanza kupumua. Ndipo Pang akazima injini na kufunga milango.

"Bosi hayupo, dada," alisema kwa upole. "Sasa niambie mimi. La juu liko wapi?"