Ubao wa Nyembe

Kila asubuhi kinyozi alifungua duka kwa bega. Mlango ulikuwa umevimba tangu enzi za baba yake, na ufunguo peke yake haukutosha. Akishaingia alifuta kioo kwa gazeti lenye maji, akakung'uta kitambaa cha wateja, akasafisha mashine kwa spiriti. Halafu, kabla mteja wa kwanza hajaingia, alitupia jicho ubao wa baba yake ukutani.

Ubao haukuwa na kazi tena. Siku hizi kila kichwa kilipata wembe mpya, na wembe ukishatumika ulitupwa. Lakini nani angethubutu kuung'oa ubao wa baba?

Miaka ile UKIMWI ulipoingia mtaani, watu walikonda na kuzikwa, na majirani walinong'ona tu. Wenye sauti walikaa kimya. Kimya kile kiliua watu wengi, na waliokaa kimya hawajaomba radhi mpaka leo. Baba wa kinyozi hakukaa kimya. Alisikia kwamba virusi vya UKIMWI vinapita kwenye damu, naye alijua wembe unavyogusa damu. Akashona mifuko midogo ya kitambaa, akaipigilia kwenye ubao. Kila mteja na mfuko wake, kila mfuko na wembe wake. Mzee hakujua kuandika, kwa hiyo alichora: samaki kwa muuza samaki, nyundo kwa seremala, mpira kwa kijana aliyefundisha timu ya mtaa.

Watu walimjia juu.

"Kwani mimi mgonjwa?"

"Mzee, unatuona sisi wachafu?"

Wengine walihama, wakaenda kunyoa kwingine. Mzee aliwajibu wote jibu moja: "Nywele zikinyolewa zinaota tena. Mtu akizikwa haoti."

Wakarudi mmojammoja, huku wanatazama chini. Haukupita muda, wao wenyewe wakawa wakali. "Fungua wembe mbele yangu, niuone," waliamrisha, kana kwamba wazo lilikuwa lao.

Siku hizo mdogo wake kinyozi alikuwa akifagia nywele sakafuni huku anapiga mluzi. Hata akikalishwa kwenye kiti anyolewe, mluzi haukukoma. "Acha mluzi, nitakukata!" mzee alimfokea, na duka zima likacheka. Basi jina likamganda: Mluzi.

Sasa Mluzi alikuwa mtu mzima, na mluzi haukusikika tena. Alianza dawa za kulevya kwa kuvuta na wenzake. Kuvuta kukaleta kujidunga. Alilala kwa mama yao, chumba cha nyuma ya duka, na mtaa ulimwita teja. Wale wale aliofagia nywele zao walivuka barabara wakimwona.

Siku moja mama alikuwa akigeuza godoro la Mluzi ili alianike juani. Akamwita kinyozi kwa sauti ya chini.

"Baba, hebu njoo uone."

Chini ya godoro palikuwa na pakiti ya sindano mpya, bado zimefungwa. Pembeni kulikuwa na kisanduku kigumu cha kutupia zilizotumika.

Kinyozi aliona giza. Alibeba vyote, akavitumbukiza chooni.

"Leo nimemwokoa," alimwambia mama. "Bila sindano atajidunga na nini? Na kidole?"

Mama alikaa juu ya kitanda kisicho na godoro, akakunja shuka moja mara mbili, mara tatu.

Kesho yake asubuhi akaja dukani Kocha. Ndiye yule kijana wa mpira, ila sasa kichwa kilikuwa na mvi. Naye aliwahi kujidunga miaka mingi. Aliacha, na sasa alifanya kazi na kituo cha afya, akiwatembelea wanaojidunga.

"Ninyoe kipara," alisema. "Mvi zimeanza kunidai heshima ambayo sina."

Kinyozi alianza upande wa kulia. Moyo ulikuwa umejaa, akaumwaga.

"Kocha, hebu niambie. Kuna watu wanawagawia mateja sindano. Nimekuta pakiti nzima kwa Mluzi. Nimetupa chooni! Ningemjua aliyempa, ningemnyoa bila maji."

Kocha aligeuka kwenye kiti. "Umetupa lini?"

"Jana. Kwani ni wewe uliyempa?"

"Nani nimempa nini, hiyo ni siri ya mtu, sitoi. Lakini ndiyo, kazi ya kugawa sindano safi ni yangu."

Kinyozi alirusha kitambaa mezani. "Toka dukani kwangu!"

"Na nusu kichwa?" Kocha alijishika upande wenye nywele. "Umalize kwanza, ndiyo unifukuze. Mtaa utasema nimetoka vitani."

Kinyozi alitaka kukasirika zaidi, lakini kile kichwa kilimshinda. Kicheko kikamponyoka. Kocha hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Mfuko wangu ule, wenye mpira. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mzee alipojua ugonjwa unapita kwenye wembe, alificha nyembe zote?"

"Angefichaje? Watu wangenyoa tu."

"Wangenyoa wapi?"

"Vichochoroni. Wembe mmoja, watu kumi."

"Basi wewe umefanya alichokataa kufanya baba yako," alisema Kocha polepole. "Umeficha nyembe. Mwili wa mtu aliyezoea dawa zile unadai. Asipopata, anatetemeka, anatapika, mifupa inauma. Hawezi kusubiri. Sindano safi haikumfanya ajidunge. Ilimkinga na damu ya mwenzake. Sasa niambie, jana alipokosa zake, alitumia ya nani?"

Kinyozi aliweka wembe mezani.

"Mungu wangu. Nimemuua mdogo wangu?"

"Bado. Ila tusikae. Zipo dawa za kinga. Mtu akizianza mapema baada ya kuguswa na damu yenye virusi, zinaweza kuzuia visishike. Lakini lazima aanze ndani ya saa sabini na mbili, yaani siku tatu. Kila saa ina maana."

Kocha alivaa kofia juu ya nusu kipara. Wakazunguka nyuma.

Mluzi alikuwa amekaa kizingitini, mikono kifuani. Alipomwona kaka yake alijikunyata kama mtu anayengoja kofi.

"Kaka, usianze."

Kinyozi alichuchumaa mbele yake. "Sianzi. Nilikosea, mdogo wangu. Zile nilizitupa mimi. Niambie tu, jana ulitumia ya mtu?"

Mluzi alitazama ardhi. "Nilitumia ya rafiki yangu. Tukasuuza na maji. Ningefanyaje, kaka?"

"Maji hayatoshi," alisema Kocha. "Damu inabaki ndani ya bomba, usiione. Na si sindano tu. Kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia, vyote visichangiwe. Humo vinapita virusi vya UKIMWI, na vya homa ya ini pia. Inuka, twende kituoni."

"Watanitukana kule. Mara ya mwisho mlinzi aliniambia nikafie mbele."

Maneno kama hayo yana bei, na anayelipa si mlinzi. Mtu akifukuzwa mlangoni pa dawa, anarudi kwenye sindano ya rafiki.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, kanga tayari begani. "Leo mlinzi ataanza na mimi," alisema. "Twende, mwanangu. Mimi nataka mtoto. Sifa za majirani sizitaki."

Mlinzi alimwona mama, akafungua geti bila neno.

Nesi alimpima Mluzi. Hakuwa na virusi.

"Alhamdulillah!" mama aliruka. "Basi turudi nyumbani."

"Subiri, mama," nesi alisema. "Kipimo hiki kinasema ya zamani. Ya jana bado hakiwezi kuyaona. Ndiyo maana anaanza vidonge vya kinga leo hii. Atameza kila siku kwa siku ishirini na nane, bila kuruka. Halafu tutampima tena, na tena. Na huyo rafiki yake mleteni. Akikutwa na virusi, zipo dawa za kuvifubaza, ataishi na kufanya kazi kama wewe na mimi." Kisha akamgeukia Mluzi. "Ukiwa tayari, ipo pia dawa iitwayo methadoni. Unakunywa hapa kila siku mbele yetu. Inatuliza ile hamu, mwili hauteseki."

"Siyo leo," Mluzi alisema.

"Siyo lazima leo. Mlango unaujua."

Wakamrudisha na pakiti mpya ya sindano na kisanduku. Njiani kinyozi ndiye aliyevibeba, mchana kweupe.

Vidonge alimeza. Mama alimsimamia kila asubuhi na kikombe cha maji, kama zamani alipokuwa na surua. Kuacha kujidunga hakukuja upesi. Alijaribu, akaanguka, akajificha, akatafutwa. Lakini hakuchangia tena sindano. Vipimo vya baadaye vilirudi safi, na siku moja mwenyewe akasema, "Kaka, nisindikize kwenye methadoni." Rafiki yake alikutwa na virusi. Alianza dawa, akanenepa, akarudi kwenye kazi yake ya kupaka rangi.

Kinyozi aliweka pakiti za Kocha kwenye kabati la duka, kwa yeyote anayehitaji. Mtaa ulisema. "Kinyozi wa mateja!" Wateja wawili watatu walihama. Yeye aliwajibu alichorithi: nywele zinaota tena, mtu akizikwa haoti.

Asubuhi moja Mluzi alitoka kituoni, akaingia dukani na kukaa kwenye kiti. Mashavu yalikuwa yamerudi.

"Kipara," alisema. "Na ufungue wembe mbele yangu, niuone."

Kinyozi alichana karatasi mbele ya macho yake, akauinua wembe kwenye mwanga. Akaanza kunyoa, taratibu, kuzunguka sikio. Ndipo akausikia. Ulikuwa mwembamba, umejaa kutu, unapotea njia katikati ya wimbo. Lakini ulikuwa mluzi.

"Acha mluzi, nitakukata!" alifoka, kwa sauti ya baba yao.

Kisha akauondoa wembe kichwani, akasimama nyuma ya kiti, akangoja wimbo uishe.